Maandishi Yanayosogea na Mofimu za Kiswahili: Jinsi ya Kuhuisha Maandishi katika Slaidi za Somo la Sarufi

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mwalimu wa Kiswahili anavyoweza kuhuisha maandishi katika slaidi, yaani kuyafanya yatokee, yatoweke, yasogee au yabadilike rangi mbele ya wanafunzi, ili somo la sarufi lipate kuonekana kwa macho. Huenda baadhi ya wasomaji wakaona kwamba jambo hili ni la mafundi wa kompyuta na kwamba halina nafasi katika jarida la taaluma za Kiswahili. Sisi tunaliona kuwa ni jambo la isimu. Programu za slaidi huyahuisha maandishi kwa vipimo vitatu tu: aya, neno na herufi. Kiswahili, kwa upande wake, hujenga sehemu kubwa ya maana zake kwa mofimu, na mofimu haimo katika orodha hiyo. Mwalimu anayeiachia mashine uamuzi huo hujikuta amewaonyesha wanafunzi wake uchanganuzi ambao yeye mwenyewe asingeukubali ubaoni.

Suala hili lina uzito wa pekee hapa Kisangani. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zilizotajwa katika Katiba ya mwaka 2006, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Lakini lugha ya kufundishia chuoni ni Kifaransa, na kompyuta nyingi tunazozitumia huonyesha maagizo yake kwa Kifaransa. Kiswahili huingia darasani kama kitu kinachochunguzwa, kupitia chombo ambacho hakikuundwa kwa kukifikiria. Hatuna sababu ya kukikataa chombo hicho. Tuna sababu ya kukielewa na kukielekeza.

Tutaanza kwa kueleza kwa ufupi asili ya maandishi yanayosogea, kisha tutalinganisha vipimo vya mashine na vipimo vya lugha. Baada ya hapo tutatoa utaratibu wa kazi kwa mifano minne, tutagusia Kiswahili kinachosemwa mjini kwetu, na mwisho tutaonyesha jinsi ya kuyahifadhi mafunzo hayo pale ambapo umeme, projekta au kompyuta vinakosekana.

2.0 Kutoka Chaki hadi Slaidi

Mwalimu anayeandika kwa chaki huandika katika wakati. Mkono wake hutangulia, macho ya wanafunzi huufuata, na kila sehemu ya neno hutokea kwa zamu yake. Akifika kwenye kiambishi chenye utata husita, huligeukia darasa, huuliza swali, kisha huendelea. Akitaka kuonyesha badiliko, hufuta sehemu na kuandika nyingine mahali pale pale. Kwa hiyo ubao umekuwa na maandishi yanayosogea siku zote, ila hatukuwa na haja ya kuyapa jina.

Slaidi iliondoa wakati huo. Programu ya PowerPoint ilitolewa mwaka 1987 na kampuni ya Forethought kwa ajili ya kompyuta za Macintosh, na mwaka huo huo kampuni hiyo ilinunuliwa na Microsoft kwa dola milioni 14. Slaidi ya siku hizo ilikuwa ukurasa uliokamilika: kila kilichoandikwa kilionekana kwa mara moja. Uhuishaji uliingizwa hatua kwa hatua katika miaka ya 1990, na toleo liitwalo PowerPoint 2002 lilileta mfumo tunaoufahamu hadi leo, wenye madoido ya kuingia, ya kusisitiza na ya kutoka, pamoja na njia za kusogeza kitu kutoka upande mmoja wa skrini hadi mwingine. Mwishoni mwa mwaka 2015 Microsoft iliongeza mpito ambao Kifaransa cha programu hiyo huuita «Morphose»: slaidi mbili zinazofuatana hulinganishwa na mashine yenyewe, na kila kitu kilichomo katika ya kwanza husogea hadi mahali pake katika ya pili.

Upande wa programu zisizouzwa, Impress ya LibreOffice, iliyotokana na OpenOffice, ina takriban madoido hayo hayo ya msingi. Inafaa kukumbuka kwamba OpenOffice ilipata tafsiri ya Kiswahili mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice, kutokana na mradi wa Kilinux uliofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kutafsiri maagizo, hata hivyo, hakukubadilisha vipimo vya mashine. Amri inayosema «herufi kwa herufi» kwa Kiswahili safi bado hukata herufi, wala haikati mofimu.

3.0 Vipimo vya Mashine na Vipimo vya Lugha

Tuchukue neno lifuatalo:

(1) hatutawapikia

Neno hili lina mofimu saba:

ha- (ukanushi), -tu- (nafsi ya kwanza wingi, kiima), -ta- (wakati ujao), -wa- (nafsi ya tatu wingi, yambwa), -pik- (mzizi), -i- (kauli ya kutendea), -a (kiishio).

Kifaransa huhitaji maneno sita ili kusema jambo hilo hilo: nous ne cuisinerons pas pour eux. Mwalimu wa Kifaransa akiagiza maandishi yake yatokee neno kwa neno, mashine humpa hatua sita, na karibu kila hatua ina kazi yake ya kisarufi. Mwalimu wa Kiswahili akitoa agizo hilo hilo hupata hatua moja: sentensi nzima huanguka kwenye skrini kama jiwe. Akibadili na kuagiza herufi kwa herufi, hupata hatua kumi na tatu, ambazo nyingi hazina maana yoyote peke yake. Hatua saba anazozihitaji hazipatikani kwa agizo lolote kati ya hayo mawili.

Kipimo cha herufi kina kasoro nyingine. Othografia ya Kiswahili huandika baadhi ya konsonanti kwa alama mbili au tatu: ch, sh, ny, dh, th, gh, ng'. Katika neno ng'ombe, mashine hutoa kwanza n, kisha g, kisha kibainishi, ambapo msemaji hutamka konsonanti moja tu. Mwanafunzi wa fonolojia anayetazama mfuatano huo huonyeshwa sauti ambazo hazimo katika neno.

Tunaona basi kwamba tatizo halitokani na uhuishaji wenyewe. Linatokana na kukubali kipimo ambacho kilifaa lugha nyingine. Ni lazima mwalimu alikate neno yeye mwenyewe kabla ya kulikabidhi kwa mashine.

4.0 Utaratibu wa Kazi

4.1 Kulikata neno

Ziko njia mbili. Ya kwanza ni nyepesi na humfaa mwenye haraka. Mwalimu huandika mofimu zikiwa zimetengwa kwa nafasi: ha tu ta wa pik i a. Mashine hudhani kwamba ina maneno saba mbele yake, na agizo la neno kwa neno sasa hufanya kazi ya mofimu kwa mofimu. Upungufu wa njia hii ni kwamba mofimu hufuatana kwa mwendo uliopangwa tangu awali. Mwalimu hawezi kusimama katikati ili kuuliza swali. Akitaka kusimama, aandike kila mofimu katika aya yake na kuagiza aya moja kwa kila mbofyo, ingawa hapo neno litasimama wima kama ngazi.

Njia ya pili huchukua muda zaidi, lakini ndiyo tunayoipendekeza. Mwalimu huandika neno zima katika kisanduku kimoja cha maandishi, kwa herufi kubwa za kutosha kusomwa kutoka viti vya nyuma. Kisha hukinakili kisanduku hicho mara sita ili apate visanduku saba, na katika kila kimoja hubakiza mofimu moja tu. Pambizo za ndani za visanduku ziondolewe kabisa, la sivyo vipande havitashikana. Visanduku vyote vipangwe kwa amri ya kulinganisha ncha za juu, ili maandishi yakae katika mstari mmoja. Mwishowe kila kisanduku kipewe jina lake katika orodha ya vitu vya slaidi: «ukanushi», «kiima», «wakati» na kadhalika. Jina hilo halionekani na wanafunzi, lakini humwokoa mwalimu anaporudi kwenye slaidi hiyo baada ya miezi mitatu. Ni vema kutotumia jedwali kwa kazi hii, kwa sababu PowerPoint huhuisha jedwali zima kama kitu kimoja na haiwezi kuhuisha kisanduku kimoja cha ndani yake.

Baada ya kulikata neno, mwalimu hufungua kichupo chenye neno «Animations» na kukipa kila kisanduku doido la kuingia. Kila doido huanza kwa namna moja kati ya tatu: kwa mbofyo, pamoja na lililotangulia, au baada ya lililotangulia. Hapa ndipo swali la kiisimu linapojitokeza: mofimu zije kwa mpangilio upi?

Mpangilio wa kwanza ni wa usemi: kutoka kushoto kwenda kulia, kama sikio linavyopokea. Mpangilio wa pili ni wa uundaji: mzizi hutangulia, kisha viambishi huungana naye kutoka pande zote mbili. Katika mfano (1), -pik- hukaa mahali pake katikati ya skrini. -A huja upande wa kulia. -I- hujipenyeza kati yao nasi tunapata pikia. Kisha -wa-, -ta-, -tu- na ha- hujipanga upande wa kushoto. Mwanafunzi anayeona mpangilio huu huelewa kwamba -i- iko karibu na mzizi kuliko ilivyo ha-, na kwamba ukaribu huo si wa bahati. Mpangilio wa usemi hauwezi kumwonyesha hilo. Lakini ukiwa unafundisha usikilizaji au uandishi wa imla, mpangilio wa usemi ndio unaofaa. Kinachotakiwa ni mwalimu achague akijua anachokichagua.

4.2 Upatanisho wa kisarufi

(2) (a) Kitabu kikubwa kimepotea.
    (b) Vitabu vikubwa vimepotea.

Katika mfano huu kila ki- huwekwa katika kisanduku chake na hufuatwa na vi- inayosubiri mahali pale pale. Kila ki- hupewa doido la kutoka, na kila vi- doido la kuingia. Swali ni la wakati. Ikiwa badiliko la nomino litatangulia, kisha la kivumishi, kisha la kitenzi, slaidi inasema kwamba nomino ndiyo inayotawala na wengine huifuata. Ikiwa mabadiliko yote matatu yatatokea pamoja, slaidi inasema kwamba ngeli ni sifa moja ya sentensi, inayodhihirika mahali patatu. Madai yote mawili yana watetezi wake katika isimu, na si haki kuyachanganya kwa sababu ya kubofya ovyo. Kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza tunapendekeza mpangilio wa kwanza, kwa kuwa unaonyesha chanzo.

Faida yake huonekana zaidi katika mfano ufuatao:

(3) (a) Kiongozi mkubwa amepotea.
    (b) Viongozi wakubwa wamepotea.

Nomino hubadilika kutoka ki- kwenda vi-, sawasawa na kitabu. Darasa lililozoea mfano (2) litasubiri kuona *vikubwa na *vimepotea. Mwalimu asimame hapo bila kubofya, awaache watabiri. Kisha m- inabadilika kuwa wa-, na a- inabadilika kuwa wa-. Kile kisitisho kifupi, kati ya badiliko la nomino na badiliko la kivumishi, kinatoa nafasi ya kugundua kwamba upatanisho hauigizi umbo la nomino. Katika nomino za watu na wanyama hufuata uhai wa anayetajwa. Kama sehemu zote zingebadilika pamoja, swali hilo lisingepata muda wa kuulizwa.

4.3 Kuungana na kubadilika kwa sauti

Mofimu hazikai siku zote kama vipande vya matofali. Ki- ikikutana na -angu, tunapata changu. Vi- ikikutana na -angu, tunapata vyangu. Hapa ubao na chaki vilikuwa vikitushinda, kwa sababu kufuta huacha pengo, na mwanafunzi hasahau kwamba kitu kimefutwa. Kwenye slaidi, ki na angu husogea hadi zikagusana, kisha ki hufifia wakati ule ule ambapo ch hujitokeza mahali pake. Umbo la ndani na umbo la nje huonekana likiwa moja linazaa jingine.

Mfano ulio mzuri zaidi ni wa ukanushi. Tukirudi kwenye (1) na kubadilisha nafsi kutoka wingi kwenda umoja, tungetarajia *hanitawapikia. Kiswahili sanifu husema sitawapikia. Visanduku viwili, ha- na ni-, hutoka pamoja. Kisanduku kimoja, si-, huingia. Macho huhesabu: viwili vimeondoka, kimoja kimekuja, maana zote mbili zimebaki. Wanafunzi wengi husoma kwamba si- ni mofimu moja inayobeba dhima mbili. Hapa huiona ikizibeba.

4.4 Kauli ya kutendwa

(4) (a) Wavuvi walivua samaki.
    (b) Samaki walivuliwa na wavuvi.

Tumechukua mfano huu kwa heshima ya Wagenya, wavuvi wanaosimika miti katika maporomoko ya mto Kongo na kutundika mitego yao ndani ya maji yaendayo kasi. Slaidi ya kwanza hubeba (4a) ikiwa imekatwa: wavuvi, wa-, -li-, -vu-, -a, samaki. Hunakiliwa, na katika nakala vipande hupangwa upya kuwa (4b). Mpito wa «Morphose» ukiwekwa kwenye slaidi ya pili, wavuvi husafiri hadi mwisho wa sentensi, samaki huja mbele, -liw- huzaliwa kati ya mzizi na kiishio, na neno na hujitokeza. Ili mashine isikosee ni kipande kipi kinalingana na kipi, kila kisanduku kipewe jina linaloanza na alama mbili za mshangao, na jina hilo liwe lile lile katika slaidi zote mbili. Mpito huu hupatikana katika matoleo ya kulipia kwa mwezi au mwaka na katika matoleo ya kuanzia 2019. Matoleo ya zamani huonyesha mfifio wa kawaida badala yake. Mwenye toleo la zamani au Impress anaweza kutumia njia za kusogeza, ambazo zina kazi zaidi lakini hufikisha mahali pale pale.

Mfano huu una mambo mawili ya kuangaliwa. La kwanza ni kwamba walivuliwa ina li mbili. Ya kwanza ni ya wakati uliopita, ya pili ni sehemu ya mnyambuliko wa kutendwa unaofuata shina linaloishia kwa irabu. Zipewe rangi mbili tofauti tangu slaidi ya kwanza. Mwanafunzi ataona kwamba li moja ilikuwapo tangu mwanzo na nyingine imekuja na -liw-.

La pili ni gumu zaidi. Kiambishi wa- cha mwanzo wa kitenzi hakisogei hata kidogo. Kilikuwapo katika (4a), kipo katika (4b), kwa umbo lile lile. Lakini mwenyewe amebadilika: katika (4a) kilikuwa cha wavuvi, katika (4b) ni cha samaki, ambao kwa sababu ya uhai wao hupatana kwa wa-. Mashine haiwezi kuonyesha hilo kwa mwendo, maana hakuna kilichosogea. Hapa mwalimu atumie rangi: wavuvi wawe na rangi ya buluu, samaki rangi ya machungwa, na wa- ibadilike kutoka buluu hadi machungwa papo hapo ilipo. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu macho ya mwanadamu hufuata kinachokwenda na kukipuuza kilichotulia. Na katika sarufi ya Kiswahili mara nyingi somo limo katika kilichotulia.

5.0 Kiswahili cha Mjini na Mwelekeo wa Mwendo

Wanafunzi wetu hawaji darasani wakiwa hawana Kiswahili. Wanakuja na Kiswahili cha Kisangani, ambacho Nico Nassenstein alikiandikia kitabu kizima mwaka 2015, lugha inayoishi bega kwa bega na Kilingala. Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo ni jambo la kawaida kusikia:

(5) (a) Batoto banacheza.
    (b) Watoto wanacheza.

Mwalimu anayetumia slaidi hushawishika kuandika (5a), kisha kuiondoa ba- na kuingiza wa-, pengine kwa rangi nyekundu na alama ya kosa. Mwendo huo una hukumu ndani yake. Unasema kwamba ba- ni takataka iliyofagiliwa ili wa- ipate kukaa. Kiisimu hukumu hiyo haina msingi: ba- ni kiambishi halali cha Kibantu, na msemaji wa Kilingala hukitumia kila siku anaposema bato na bana.

Tunapendekeza sentensi zote mbili zibaki kwenye skrini, moja juu ya nyingine. Kwa mbofyo wa kwanza ziwake ba- mbili za mstari wa juu. Kwa mbofyo wa pili ziwake wa- mbili za mstari wa chini. Darasa litaona kwamba nomino na kitenzi vinapatana katika mistari yote miwili kwa kanuni ile ile, na kwamba kinachotofautiana ni umbo la kiambishi. Baada ya hapo mwalimu anaweza kueleza bila kumdhalilisha mtu ni umbo lipi linalotakiwa katika mtihani na katika uandishi sanifu. Vivyo hivyo kwa katoto na tutoto, ambapo Kiswahili sanifu hutumia kitoto na vitoto: mifumo miwili iwekwe sambamba, isifukuzane.

6.0 Madoido ya Kuepukwa

Programu hutoa madoido mengi: maandishi yanayozunguka, yanayodunda kama mpira, yanayoanguka kutoka juu huku mlio ukisikika. Richard Mayer, katika kazi zake kuhusu ujifunzaji kwa njia ya vyombo mseto, alionyesha kwamba watu hujifunza vizuri zaidi pale mambo yasiyohusiana na somo yanapoondolewa, pale ishara zinapoelekeza macho kwenye kiini, na pale somo linapogawanywa katika vipande ambavyo mwanafunzi anaweza kuvifuata kwa mwendo wake. Mambo hayo matatu yanatosha kuwa sheria kwa mtengenezaji wa slaidi.

Kwa kazi tuliyoieleza, madoido manne yanatosha: kutokea, kufifia, kusogea kwa mstari mnyoofu na kubadili rangi. Kila doido liwe na maana moja kuanzia slaidi ya kwanza hadi ya mwisho. Ikiwa kufifia kumetumiwa kuonyesha sauti inayomezwa, kusitumiwe tena kupamba kichwa cha habari. Muda wa nusu sekunde hadi sekunde moja hutosha kwa mwendo wa mofimu. Ukipungua, walioketi nyuma hawaoni, na ukizidi, darasa huanza kuzungumza. Mofimu moja isogee kwa wakati mmoja, isipokuwa pale ambapo usambamba wenyewe ndio unaofundishwa.

7.0 Umeme, Simu na Karatasi

Kila msomaji wa Kisangani atakuwa ameshauliza swali: umeme ukikatika? Kituo cha umeme cha Tshopo, kilichojengwa miaka ya 1950 kwenye maporomoko ya mto wenye jina hilo, hakitoshelezi mahitaji ya mji wa leo, na mwalimu anayejua mji wake hafungi somo lake ndani ya projekta. Tena wanafunzi wengi husoma slaidi kwenye simu zao, au kwenye nakala za karatasi, nao huzipokea zikiwa faili za PDF. Katika PDF uhuishaji hufa. Mbaya zaidi, visanduku vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kama ki- na vi- za mfano (2), huchapwa vikiwa vimepandana, na ukurasa hausomeki.

Dawa yake ni mbinu tunayoiita slaidi pacha. Badala ya kuweka hatua saba katika slaidi moja, mwalimu hutengeneza slaidi ya kwanza, huinakili, huongeza mofimu moja, huinakili tena, na kuendelea hivyo hadi neno likamilike. Hakuna doido lolote linalotumika. Akibofya kwa haraka, vitu vilivyobaki mahali pale pale huonekana vimetulia, na kile kipya huonekana kimeingia. Macho hudanganyika kama yanavyodanganyika na picha za sinema. Slaidi hizo hufanya kazi katika programu yoyote, mpya au kuukuu, na kwenye simu yoyote. Zikigeuzwa PDF, kila hatua hubaki kuwa ukurasa. Zikichapwa slaidi sita au tisa katika karatasi moja, mwanafunzi hupata mfuatano mzima mbele yake na anaweza kuufuatisha kwa kidole. Mwenye mwendo wa kweli usioweza kuigizwa hivyo, kama ule wa mfano (4), anaweza kuuhifadhi kama video fupi ya MP4, lakini aambatanishe na karatasi pia.

Na umeme ukikatika katikati ya kipindi, mpangilio aliouandaa mwalimu haupotei. Anajua ni mofimu ipi inayotangulia, ni wapi pa kusita na ni swali lipi la kuuliza hapo. Anaweza kuyafanya yote kwa chaki.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kuhuisha maandishi katika slaidi ni kuchanganua lugha hadharani. Mashine hutoa vipimo vya aya, neno na herufi. Kiswahili kinahitaji kipimo cha mofimu, nacho hupatikana kwa mwalimu kulikata neno mwenyewe, kuchagua mpangilio wa kutokea, na kuamua ni mabadiliko yapi yafuatane na yapi yaende sambamba. Tumeona pia kwamba mwelekeo wa mwendo unaweza kubeba hukumu juu ya lugha ya wanafunzi, na kwamba baadhi ya mambo muhimu ya sarufi hayasogei kabisa, yakahitaji rangi na maelezo.

Tungependa kupendekeza kwa walimu wenzetu wa Chuo Kikuu cha Kisangani, wa Taasisi ya Juu ya Ualimu na wa kwingineko kazi moja ndogo ya pamoja: kila mmoja atengeneze mfuatano mmoja wa slaidi pacha kwa kipengele kimoja cha mofolojia anachokifundisha, tuanze kubadilishana. Ngeli zingekuwa mahali pazuri pa kuanzia, zikifuatwa na minyambuliko ya kitenzi. Mifuatano ishirini iliyofikiriwa vizuri, inayosomeka kwenye simu na kwenye karatasi, itawafaa wanafunzi wetu kuliko mamia ya slaidi zinazodunda. Na wanafunzi nao wajaribu kutengeneza yao, kwa maana asiyejua mpaka wa mofimu hawezi kuikata, na anayeikata vibaya ataliona kosa lake kwenye skrini kabla ya kuliona kwenye karatasi ya mtihani.